Kumi na Mbili, Mara Tatu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa klabu yetu, Ndugu Katibu na hiyo barua yako mkononi, wageni waalikwa, wanachama wa zamani na wapya, shemeji yangu mke wa Fundi, na wewe mwenyewe Fundi Mizani uliyekaa hapo na koti kama unakwenda kuposa: heshima zenu nimezitoa zote, na ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa.

Mimi mnanijua, ndiye Chapchap. Shule niliiacha mapema kabla haijaniacha yenyewe, kwa hiyo maneno ya mkutano yakinishinda mnivumilie. Nimepewa dakika tano nimsifie Fundi anayestaafu leo, na Katibu amenionya nisichekeshe sana. Asiwe na wasiwasi.

Miaka kumi na mmoja nimefanya kazi naye kwenye karakana ile ya mabati nyuma ya choo cha wanaume. Mimi nazunguka kuokota mbao za tanga zilizotupwa, hizi za kusimama juu yake ukasukumwa na upepo ziwani, matanga yaliyochanika, milingoti iliyopasuka. Yeye anavirudisha majini. Nani hapa hakujifunzia kusimama juu ya ubao aliouziba Fundi? Mheshimiwa Mwenyekiti, tanga lako la kwanza lilikuwa na viraka kumi na saba, na mimi nilikuambia ni mapambo.

Kwa wageni, nieleze kidogo. Ubao huu nje una gamba gumu, ndani ni povu. Ukipasuka, unakunywa maji. Ukiuziba na maji yake, jua linayachemsha humo ndani, gamba linaachana na povu, halafu siku moja unakatika nawe uko juu yake. Kwa hiyo Fundi anautoboa tundu, anautundika, na kila asubuhi anaupima kwenye mizani na kuandika uzito kwa penseli palepale kando ya tundu. Uzito ukishuka, bado. Ukibaki uleule siku tatu mfululizo, ndipo anaziba. Nilikuwa namcheka. Namwambia, Fundi, wateja wameoa, wamezaa, ubao bado unaning'inia. Jibu lake miaka yote lilikuwa moja: "Pima tena kesho."

Mwaka jana ubao wa bluu ulikatikia katikati ya ziwa. Dada yetu muuguzi, yule pale safu ya pili, alielea kwa muda wa saa tatu ameshikilia nusu ya ubao, na bega lake mpaka leo halinyanyuki. Kamati ikakaa, ikaamua kwamba vifaa vya zamani ni hatari, karakana ifungwe, Fundi apumzishwe. Barua atakayoisoma Katibu inasema "kwa uzembe wa fundi". Nimeiona. Msiniulize nimeionaje.

Ndugu zangu, wiki ile Fundi alikuwa amekwenda kumzika kaka yake. Aliniachia mizani, penseli na ubao wa bluu unaodondosha maji. Dada muuguzi akaja kuuulizia, likizo yake inakwisha Jumapili, na mimi jina langu mnalijua. Mizani sikuigusa. Nilichukua penseli nikaandika kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili. Siku tatu nilizimaliza kwa dakika moja. Nikaziba, nikampa, akanishukuru.

Kipande chenyewe hiki hapa, naomba kipitishwe. Gundi yake ni kama kioo, namba zinaonekana. Za juu ni za Fundi, zimekaa upande upande, kila moja na asubuhi yake. Za chini ni zangu, zimenyooka kama wanafunzi mstarini. Fundi aliziona siku ileile kipande kilipoletwa. Akazipitisha kidole, akaniangalia. Nikasubiri anitukane, maana matusi anayo, nayajua. Akasema, "Karakana ni yangu." Kamati ilipomwita akajibu hivyohivyo, na mimi nilikuwa nje ya mlango nauza soda.

Kwa nini sikuingia? Nilijiambia nitasema kesho. Nimejiambia hivyo miezi kumi na mmoja, kila asubuhi, na yeye kila asubuhi ananisalimia vilevile, ananiuliza watoto wameamkaje. Hilo ndilo limenimaliza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, siombi karakana ifunguliwe. Najua lori linakuja kesho kubeba mbao thelathini na mbili zilizobaki zikatupwe. Tisa kati ya hizo zimeshakauka. Safari hii nimepima. Wala simwombi dada muuguzi anisamehe, bega ni lake. Na wewe Fundi sikuombi kitu, ulishanipa zaidi ya nilivyoweza kubeba.

Ombi langu ni kwa Katibu. Kabla hujaisoma hiyo barua mbele ya mke wake na wanawe, futa hapo palipoandikwa "fundi", andika "Chapchap". Kama huna cha kuandikia, chukua penseli hii. Ni ya Fundi. Nilimwambia imepotea. Ukimaliza, mrudishie mwenyewe, mimi mkono wangu haufiki.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa mnaweza kunitazama.