Fortunat Kamugisha, Aliyekataliwa na Dawa ya Mikono Yake

Marehemu Fortunat Kamugisha alizaliwa tarehe 14 Septemba 1968, Kashozi, Bukoba. Baba yake, Leonidas, alifariki kwa ugonjwa wa moyo angali na nguvu zake.

Alisoma Kashozi, kisha sekondari ya Ihungo. Kabla ya chuo kikuu alisaidia zahanati ya parokia. Sindano zilikuwa chache; ukishadunga, unaifunika, inachemshwa, inatumika tena. Mkono wake ukazoea hivyo.

Mwaka 1996 alifunga ndoa na Adventina. Walihamia London mwaka 1999, wakakaa Kingsbury, naye akaajiriwa maabara. Siku moja Mama Sudha wa duka la mboga alimuuliza anafanya kazi gani hasa. Fortunat akaokota ndizi.

"Kirusi tumekitoa nyama, limebaki ganda. Ndani tunatia kimeng'enya cha kurekebisha jeni. Ganda linakiingiza kwenye seli, kinafanya kazi yake, kinayeyuka."

"Kumbe miaka yote unatengeneza maganda!"

"Yaliyojazwa, mama."

"Haya, lipia hiyo ndizi, umeshaibonyeza."

Akalipa bei aliyotajiwa. Kupatana bei hakuweza kabisa. Shemeji zake walimkataza kwenda sokoni peke yake.

Machi 2019, akiwadunga panya wa majaribio maganda hayo, aliifunika sindano kama kule zahanati. Ikamchoma kidole. Akaripoti, akabandika plasta, akaendelea.

Mwaka 2023 alikutwa na ugonjwa wa baba yake: ini hutengeneza protini yenye kasoro, nayo hujilundika moyoni. Dawa zilizokuwepo zilipunguza kasi tu. Ile ya maganda ilikuwa karibu kujaribiwa kwa watu. Akaacha kazi, maana mtengenezaji hakuruhusiwa kuwa mgonjwa wa majaribio. Juni 2025 madaktari wa majaribio wakampima damu. Tangu ile sindano, kinga ya mwili wake ililijua ganda; ingelivunja kabla halijafika kwenye ini. Wakamkataa. Ndugu walikwenda kubembeleza, lakini daktari hakuwa na cha kupunguza.

"Si wakudunge tu, tuone?" Adventina alimwambia.

"Nipoteze dozi ya mtu, na mwili unigeuke? Hapana, mke wangu."

Badala yake akawapa wenzake wa zamani damu yake, watafute ganda ambalo kinga kama yake haitalitambua. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 9 Februari 2026, Adventina akiwa kando yake.

Ameacha mjane, dada wawili, na binti mmoja, Kokushubila, aliyepimwa akakutwa na kasoro ile ile. Ganda jipya bado halijapatikana. Ninyi wa maabara mliokuja leo, ahsanteni kwa maua. Damu yake mnayo, kazi iendelee.

Fortunat, Mungu akupumzishe kwa amani.