Picha ya Pili ya Vestine

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya makreti mawili ya maziwa, nje ya duka la kufulia nguo kule Okolona, kusini mwa Louisville, na wenyewe wanaliita Bunge. Wanaume wa zamu ya usiku wakitoka kwenye maghala asubuhi hupita hapo kwanza, wanywe kahawa na kuiendesha dunia kabla ya kwenda kulala. Kahawa ni ya Theogene, anayeitwa Veterineri kwa sababu kule nyanda za juu za Kivu aliwahi kumshikia mganga wa ng'ombe chupa za dawa kwa msimu mmoja, na tangu hapo hakuna ugonjwa wa mtu, mnyama wala gari unaomshinda. Byamungu anaitwa Waifai, maana habari zote humfikia yeye kwanza, za kweli na zisizo za kweli. Kabera wanamwita Kimya. Asubuhi hiyo ya Februari Kimya ndiye aliyeanza kusema, na wenzake wakasahau kupuliza vikombe vyao.

Alisema kuna mtu wa kazini kwake, jina halijui vizuri, mke wake alikwenda kupigwa picha ya matiti. Halafu hospitali ikapiga simu: matiti ya mama ni mazito kwa ndani, nyama nyingi, mafuta machache, na picha haikuonyesha vizuri. Wanataka arudi leo saa nne, apimwe kwa ekografia, ile mashine inayotazama ndani kwa mawimbi ya sauti. Sasa huyo mtu anauliza, je, kuna haja?

Mtu wa kazini hakuwepo. Mama huyo alikuwa Vestine, mke wa Kabera mwenyewe, ambaye hajui kuendesha gari, na wakati huo alikuwa nyumbani amekwisha kuvaa kitenge cha kanisani, akimngoja. Lakini kwao mwanaume haleti kifua cha mke wake kijiweni. Kwa hiyo Kabera aliazima mume mwingine.

— Bon, alisema Veterineri. Hii ni mambo ya kiwele, na kiwele ninakijua. Ng'ombe ya kiwele kizito, siye tulikuwa tunaifurahia. Uzito ni maziwa. Chema chajiuza.

— Huyo mama iko na miaka makumi tano, alisema Kabera. Maziwa ya wapi?

Veterineri alikunywa kahawa kwanza.

— Donc iko reserve, maziwa ya akiba.

Waifai alikataa. Binamu yake wa Columbus alikwisha kumweleza kwamba ni kazi za Amerika: mtu akibeba maboksi kila siku, kifua kinakuwa kigumu hata kwa wanawake. Kabera akamkumbusha kwamba mama huyo habebi maboksi, anatunza wazee.

— Wazee nabo beko bazito, alisema Waifai.

Hapo Veterineri akaona anapitwa, akaleta hoja ya baridi. Alieleza kwa kirefu kwamba mafuta ya mwili huganda wakati wa theluji, sawa na siagi kwenye friji, na mashine haiwezi kuona kupitia kitu kilichoganda.

— Picha ilitoka rangi gani?

— Banasema nyeupe.

— Mwezi wa pili, itatoka rangi gani ingine? Bangengojea mwezi wa sita. Haraka haraka haina baraka.

Kabera aliipenda sana hiyo ya mwezi wa sita. Moyo wake ulikaa chini kwa mara ya kwanza tangu ile simu. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Katika kambi ya wakimbizi alizika dada wawili, mmoja wao kwa uvimbe ambao hakuna aliyewahi kuupa jina, na aliona kwamba Vestine asipotazamwa hakuna kitakachoonekana. Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Akaiacha itetemeke.

Habari za Waifai nazo zilikuwa zimefika Australia. Alisoma kwenye simu kwamba wanawake wenyeji wa kule, Waaborijini, nao wanaitwa kupimwa matiti, na wengi hawafiki. Hospitali ziko mbali, wengine wanaona haya, wengine wanaogopa.

— Na mabwana yabo? aliuliza Veterineri. Beko wapi?

— Pengine bamekaa tu banaongea.

— Bwana ya namna hiyo hata mbuzi usimupatie achunge.

Wakawasema sana wanaume wa Australia. Kabera akachungulia kikombe chake.

Agata alikuwa amesimama mlangoni pa duka na kapu la nguo, akingoja mashine imalize kukausha. Ni mgeni, ameikimbia theluji ya Buffalo juzijuzi tu, na hajajua kwamba Bunge haliulizwi maswali.

— Baba zangu, samahani, alisema. Kule Buffalo miye pia baliniita hivyo. Haiko baridi, na haiko ugonjwa. Wanamuke wengi tuko hivyo. Lakini ile nyama inatoka nyeupe mu picha, na kintu kibaya nacho kinatoka nyeupe, kinaweza kujificha pale. Ndiyo maana banatafuta na makina ingine, ile ya ekografia. Miye balikuta niko muzima, nikalala usingizi.

— Ni vile nilikuwa ninasema, alisema Veterineri.

— Sasa huyo mama, leo saa ine, nani anamupeleka?

Waifai aliirudisha simu yake mfukoni. Veterineri alianza kukaza kifuniko cha chupa ya kahawa, na chupa ilikuwa bado imejaa nusu. Wote wawili walitazama magari yaliyoegeshwa. Hakuna aliyemtazama Kabera.

Simu ikatetemeka tena. Safari hii Kabera aliitoa, akamjibu Vestine.

— Mama Joselyne, funga mulango. Niko ninakuja.

Aliweka kikombe juu ya ubao na kutafuta ufunguo wa gari katika mifuko yote. Alikuwa amekwisha kufungua mlango wa gari Veterineri alipomwita, macho bado kwenye chupa yake.

— Kimya. Ambia ule mutu wa kazini kwako, bibi yake tuko tunamuombea.

— Nitamwambia, alisema Kabera.