Kiatu Kimoja Ukutani

Sogeeni karibu, Judith, na wewe Piers weka chini hicho kikombe cha chai, maana pumzi niliyo nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Nyumba hii nawaachia nyote wawili, na sigombani na anayetaka kuiuza. Ninaloomba ni moja tu, nalo nilitaka nilione likifanyika kabla sijafumba macho.

Mnakikumbuka kiatu cha mtoto ambacho mafundi walikikuta nyuma ya meko tulipobomoa ukuta wa udongo. Waliojenga hapa Herefordshire waliunganisha miti ya mwaloni ingali mibichi, kwa vigingi vya mti bila msumari, ikakauka na kupinda huku imeshikana. Kisha kando ya dohani wakaficha kiatu kimoja kilichochakaa, ili ovu litakaloshuka kwa njia ya moshi likikute na kukomea hapo. Mama yenu, Mungu amrehemu, alikiweka kwenye kabati la vioo awaonyeshe wageni, na ukuta tukauziba kwa saruji kama walivyofanya majirani wote. Hakuwa na nia mbaya, alikiona kizuri.

Tangu hapo mwaloni unaoza kwa ndani, kwa kuwa saruji haiuachi upumue. Na tangu hapo kuna anayepanda ngazi: hatua moja ina kisigino, inayofuata ni ya unyayo mtupu. Piers, ulinicheka. "Baba, ni miti inajinyoosha tu. Ungesimama karne nne, wewe mgongo usingekulia?" Huenda ni hivyo. Lakini wewe Judith, ulipokuwa mdogo, kila jioni uliacha soksi yako moja kwenye ngazi, na hatukuwahi kukuuliza ulimwachia nani.

Basi bandueni saruji. Kandikeni udongo juu ya fito, mkiuchanganya na majani makavu na samadi, na kiatu mkirudishe kilipokuwa. Mkiuza baadaye, uzeni. Ila mgeni asirithi nyumba ambayo mtoto bado anatafuta kilicho chake.

Na... ngojeni kidogo. Kando yake wekeni kiatu changu cha bustanini, cha kushoto. Cha kulia nizikeni nacho, nami nitembee na kiatu kimoja kama yeye. Usicheke, Piers. Ah... hucheki.

Nyundo iko chini ya ngazi. Anza, mwanangu, kama sitaona, nitasikia.

Mungu awape joto popote mtakapolala. Judith, acha mlango wazi. Anapanda. Leo anakuja polepole... kama anayemngoja mtu avue kiatu.