Chumvi ya Kutwangia

NYANGE: Haloo, ofisi ya bandari, Mkoani. Nani mwenzangu?

TIME: Mie, kaka. Mie Time. Niko hospitali Chake.

NYANGE: Time? Nani kakupa simu weye?

TIME: Karani Bakar kanihurumia. Kasema niseme upesi. Shikamoo.

NYANGE: Marahaba. Mama kaamkaje?

TIME: Kaka, nna suala. Lile kopo la pilipili ulilomletea mama, mlilinunua?

NYANGE: Kununua? Mie nimlishe mama pilipili ya dukani? Tangu vita hivi vianze wanaichanganya na bizari, wanatia unga wa mahindi, wanatia rangi, mtu anakula vumbi anaambiwa pilipili. Ile ya kwetu. Mke wangu Mwanawema kaianika mwenyewe, kaitwanga mwenyewe, kaichunga kwa kitambaa. Hata uzile—

TIME: Nakusikia nusunusu. Hata nini?

NYANGE: Hata uzile hamna. Wala thomu, wala kiungo chochote. Pilipili tupu, kama alivyoruhusu daktari. Kwani haili?

TIME: Alikuwa akiila sana. Wali ule chapwa, wa bila chumvi, ulikuwa haumshuki, kila siku narudi na sahani yake vile vile. Kopo lilipofika akawa anamaliza. Wiki nzima, kaka, anamaliza.

NYANGE: Si nlikwambia. Na uvimbe?

TIME: Ulikuwa umeshuka. Ukarudi. Miguu kwanza, kisha tumbo, juzi ukapanda usoni, jicho moja likawa halifunguki. Daktari kanisimamisha mbele ya watu, kaniuliza chumvi ninayompa mama naificha wapi. Nkaapa. Nkashika msahafu.

NYANGE: Na hukumpa.

TIME: Sikumpa. Ndipo Shaame, yule mfunga vidonda, akaichukua ile pilipili, akaikoroga na maji, akayachuja, akayaanika juani kwenye kisahani. Yalipokauka— [mkwaruzo]

NYANGE: Yalipokauka vipi? Time?

TIME: Ikabaki chumvi. Nyeupe, unaiona kwa macho.

NYANGE: Haiwezekani. Mle hamkutiwa kitu.

TIME: Kaka.

NYANGE: Labda ile... Ile si ya kutia. Ile ya kutwangia tu.

TIME: Ya kutwangia vipi?

NYANGE: Weye umelelewa wapi? Pilipili kavu, bila ya chumvi ya mawe mle kinuni, itashikwa na mchi? Inaruka, inakuingia machoni. Unatia viganja viwili ndo inasagika. Mama mwenyewe katufunza hivyo. Nani anaihesabu ile?

TIME: Viganja viwili.

NYANGE: Basi leo hii natwanga nyengine. Kavu kavu, na macho yapasuke. Lori la mchana—

TIME: Usitwange.

NYANGE: Ntampa dereva mkononi, kabla ya—

TIME: Kaka, mama wanamkosha.

NYANGE: [mkwaruzo] ... Tangu lini?

TIME: Kafariki alfajiri. Jikaze, Nyange. Nlikuwa sijui nianzie wapi.

NYANGE: Inna lillahi. Mama yangu.

TIME: Nisikilize, Bakar ananionesha saa. Mjomba Jaribu na wenziwe wako hapo mlangoni. Wanasema chumvi nliichanganya mie, humu humu wodini, kwa kumwonea mama huruma, na kiapo nlikula cha uwongo. Hakuna anayenipa mkono. Mama kafa, na hakuna anayenipa mkono.

NYANGE: Si weye.

TIME: Mwanawema alijua kama mama kakatazwa chumvi?

NYANGE: Alijua.

TIME: Akatia?

NYANGE: Akatia. Lakini Time—

TIME: Basi. Nakwenda kuwaambia sasa hivi. Sisemi kafanya kusudi, wifi yangu namjua. Ila leo asije msibani. Wanawake wa kwetu unawajua midomo yao, watamla mzima. Abaki kwao mpaka—

NYANGE: Ngoja, usende. Usiwaambie bado—

TIME: Bakar anaitaka simu. Panda lori la kwanza, jeneza linatoka alasiri. Kwaheri, kaka.

NYANGE: Si Mwanawema. Aliniuliza. Kasimama na chumvi mkononi, kaniuliza, nitie au nisitie, na daktari keshakataza. Mie ndiye niliyemwambia tia, ya kutwangia haina hesabu. Mie, Time. [waya unalia, simu imeshakatwa] Time? Haloo? Haloo, kituo, nirejeshee Chake. Nirejeshee hospitali, tafadhali, kabla hajafika mlangoni.