Masatu wa Bukima na Nyuki Wasiouma

Wasikilizaji wapendwa, leo tukae na Masatu wa Bukima. Masatu, aliyeuawa kwa shoka chini ya mkuyu wake. Mwenye watoto karibu awatoe nje kwanza, maana habari hii ina damu.

Ndani ya mkuyu ule, kwenye uwazi wa shina, waliishi nyuki wadogo wasiouma. Mlango wao ni kibomba cha nta kilichochomoza kwenye gome. Masatu alikata kidirisha ubavuni mwa shina, akawa anachota asali kidogo, kisha anaziba kwa udongo. "Alikuwaga anawaongelesha kuliko mimi," anasema mkewe, Pelagia, anacheka huku analia.

Mdogo wake Masatu, Bernado, alitaka kupasua shina achukue asali yote. Masatu alimkatalia. "Malkia wao mzito, hawezi kuruka ahame. Ukipasua, umeua ukoo mzima."

Siku moja Pelagia alikwenda kumwita mumewe chakula. Alikuta shina limepasuliwa. Alimkuta Masatu kalala kifudifudi, kisogo wazi, nyuki wamenasa kwenye damu. Alipiga yowe hadi sauti ikakauka.

Msibani, Bernado alilia kuliko wote. Alisema siku ya mauaji alishinda mjini Bunda. Lakini kichwa chake kilikuwa kinang'aa. Kwao, wasikilizaji wapendwa, wafiwa hunyoa baada ya kuzika. Na Masatu alikuwa bado ndani ya jeneza.

"Shemeji, nani kakunyoa kabla hatujazika?" Pelagia aliuliza. Nyuki wale hawaumi, lakini ukiwavunjia nyumba wanakuvamia nywele kwa gundi yao, na kuwatoa ni kwa wembe tu. Pelagia alilikunja sikio la Bernado. Nyuma ya sikio nyuki mmoja alikuwa ameganda, amekufa.

Watu walimrukia. Ngumi, mateke, mawe. Jino lilimtoka likagonga jeneza. Mama wa ndugu hao wawili, Gaudensia, alijitupa juu ya Bernado, jiwe likampasua bega. "Mniue na mimi basi! Wote nimewanyonyesha!" Bernado alikiri palepale, damu mdomoni. Sasa yuko mahabusu Musoma.

Pelagia alilifunga shina kwa kamba, akalikandika udongo. Nyuki hawakupona. Malkia alishapondwa.

Pole, Pelagia. Pole sana, mama Gaudensia, mwenye mtoto mmoja kaburini na mwingine mahabusu. Nasi tuliobaki, tukishika shoka kwa hasira, tujiulize tunagombea nini. Asali yote ya mkuyu ule, wasikilizaji wapendwa, haikujaza kikombe.