Mboga ya Viwanjani

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao mbele ya kibanda cha kuziba pancha, huku Nzuguni. Mwenye kibanda anaitwa Abdulwahab, lakini ukimuulizia kwa jina hilo utazunguka mtaa mzima. Hapa anaitwa Gundi. Tangu barabara iwekwe lami, misumari imeadimika na wateja wameadimika nayo, basi kazi kubwa ya pale siku hizi ni kunywa kahawa na kuchunguza mambo ya watu. Na siku hiyo, balaa gani hili, jambo la kuchunguzwa lilikuwa la Gundi mwenyewe. Alikaa na hotipoti aliyoletewa kutoka nyumbani mapajani, hajaifungua, kaikazia macho utadhani ndani kuna nyoka. Alikuwa ameshaamua moyoni: akikosa jibu leo, kesho asubuhi mkewe Naima anapanda basi la Kondoa, anarudi kwao.

— Funua tuone, alisema Mzee Sila, mlinzi mstaafu. Kijiweni anaitwa Taarifa, maana hakuna habari ya mtaa isiyoanzia kwake.

Gundi akafunua. Ugali wa uwele, mboga ya kijani iliyokolea karanga, na juu yake kipande cha samaki mkavu.

— Mbona msosi umetulia tu?

— Mzee, hiyo mboga ni mashona nguo.

— Ile inayong'ang'ania suruali?

— Hiyohiyo! Gugu la viwanja vitupu! Wiki nzima nalishwa hiyo. Nikimuuliza mboga gani, ananijibu “mboga”. Jana nimeikuta kanga yake imejaa vile vimbegu vyeusi mpaka kiunoni.

Taarifa akakitua kikombe chini taratibu.

— Mpaka kiunoni? Vingekuwa kwenye pindo ningenyamaza. Vikifika kiunoni, mtu kakaa chini. Au kalala.

Gundi akamgeukia mzee.

— Kalala na nani, mzee, juani huko?

— Mimi nimelinda viwanja vya watu tangu wewe huna ndevu. Kila kiwanja kina mlinzi, na kila mlinzi ana kibanda chenye kivuli. Sisemi zaidi.

— Sasa umebakiza nini, mzee wangu? Si umeshasema!

Hapo Luka akajivuta mbele. Huyu wanamwita Dokta kwa sababu anauza dawa za minyoo ya mbuzi, na amejiaminisha kwamba binadamu hana tofauti kubwa na mbuzi.

— Achaneni na mlinzi. Mwanamke mwenye mtu nje hakutwangii karanga, anakununulia maandazi akamalizana na wewe. Hili ni limbwata. Gugu linashika nguo, sawa? Likiingia tumboni linashika nini? Linamshika mume!

— Lakini mimi alishanishika zamani! Nimemuoa kwa hiari yangu, na watoto tunao.

— Basi kakuona unalegea. Jiulize, kuna kitu umempunguzia?

Gundi akainamisha kichwa, akaanza kubandua gundi iliyokaukia kwenye kucha. Hela ya mboga aliyokuwa akiiacha mezani kila asubuhi ilianza kupungua lami ilipokuja. Wiki hii hakuacha hata senti. Alitoka mapema, viatu mkononi, asisikike. Lakini hayo ni mambo ya ndani, na mwanamume hayamwagi kijiweni.

— Hakuna nilichopunguza, akasema.

— Nyote mnalala, akadakia Zaidi, muuza kahawa, huku akimmiminia Taarifa kikombe kingine. Huyo mama anachukua kiwanja.

— Kiwanja?

— Hapa ni Dodoma, bwana, makao makuu! Leo anachuma fungu, kesho fungu, mwisho kiwanja kinabaki cheupe. Halafu anakwenda ardhi na picha kwenye simu: “Mimi ndiye nimekisafisha hiki, mwenyewe hajaonekana.” Utashangaa siku moja amejenga, na wewe unapangishwa chumba cha uani.

Hapo Gundi akahesabu kwa vidole. Mlinzi, limbwata, na sasa hati ya nyumba ambayo jina lake halimo!

— Na samaki je? Huyu samaki wa nini?

— Chambo, akasema Dokta bila kufikiri. Ili usiitazame mboga.

Wakakubaliana kwamba ushahidi lazima uonjwe. Taarifa akanawa kwanza, kwa heshima ya umri. Akamega tonge, akachovya, akatafuna huku kafumba macho. Akamega jingine. Dokta akasema ushahidi wa mtu mmoja hautoshi, akasogea. Zaidi akaiacha birika. Haukupita muda, hotipoti ikawa tupu na yule samaki kabaki mwiba.

— Sasa nisikilizeni, akasema Gundi kwa hasira. Kama ni limbwata, si nyote mmeshampenda mke wangu?



— Mimi nimegusa ugali tu, akasema Taarifa, akijifuta karanga midomoni.

Muda wote huo palikuwa na mgeni, Elisante wa Gulwe, dereva wa bodaboda, aliyeleta gurudumu lake na kukaa pembeni akingoja lizibwe. Akakohoa kidogo.

— Samahanini wazee wangu. Mimi nauliza tu. Huyo mama mwenyewe anakulaga nini?

— Una maana gani?

— Kama ni dawa ya mume, yeye hawezi kuila. Akiila, ni mboga tu. Sasa yeye anakula nini?

Gundi akafungua kinywa. Kwake, Naima humnawisha mikono, huweka sinia sebuleni, kisha hurudi jikoni na watoto. Yeye hula peke yake, akimaliza hupiga mbweu ya kushiba. Alijaribu kumkumbuka Naima akiwa na kipande cha samaki mkononi. Hakumwona.

— Anakula... si anakula hukohuko jikoni.

— Nini?

Gundi akamgeukia Taarifa.

— Mzee, mama kwako anakula nini?

— Anakula chakula.

— Kipi?

Taarifa akachungulia ndani ya kikombe. Dokta akakumbuka kuna mtu wa kumpigia simu. Zaidi akaanza kusuuza vikombe visafi. Yule mgeni aliwatazama mmoja mmoja, akiamini kabisa kwamba atajibiwa.

Gundi akatoa simu yake, ile ambayo bila kuweka sauti ya nje humsikii mtu, akapiga.

— Naima.

— Abee.

— Umekula?

Upande wa pili ilisikika sauti ya mtoto, na mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini.

— Unasemaje?

— Nauliza umekula? Leo umekula nini?

Naima akajibu kwa sauti ya woga.

— Baba Mishi, niambie tu, usinifiche. Nani amekufa?