Ubani wa Masoud

Gari la Kizimbani lilipotoka Darajani na kuingia mashambani, mzee mwenye kofia ya viua akasikia harufu ya ubani kwenye kifurushi alichopakata Bi Mwatima, jirani yangu wa mtaani. "Mna khitma, mwanangu?" akamuuliza.

"Ni mama yangu, anataka asomewe Masoud, mtoto wangu. Anasema asije akafa yeye kabla hajamsomea mjukuu wake."

"Inna lillahi. Kafa lini?"

"Nani kakwambia kafa? Askari walikuja kumchukua alfajiri, hata viatu hakuvaa. Mwaka wa nne huu."

Abiria wote tukageukia nje. Miaka ile tulijua kuitazama mikarafuu kama hatujapata kuiona.

Mzee akapunguza sauti. "Mridhishe mama yako. Na kama kijana ana mke, naye akae eda, awe huru kuolewa."

"Nikimsomea nshamzika. Akija kubisha hodi nimwambie nini?"

"Na mama yako akifa na kinyongo?"

Gari liliposimama Kizimbani Bi Mwatima akateremka, kifurushi kikabaki kitini. Mzee akamwita: "Mwanangu, umesahau ubani."

"Sikusahau," akasema, akashika njia ya kwa mama yake.